Sheikh Muhammad Abduh: Aliyeikimbia Darsa, Akarudi Kuitengeneza

Kila yanapotoka matokeo ya mitihani, hapana jambo linalozungumzwa zaidi mabarazani mwetu kuliko khabari ya nani amepata nafasi ya chuo kikuu na nani ameikosa. Aliyepata hupongezwa, na wazee wake huuza hata kiwanja ili wamlipie. Aliyekosa huhisabiwa kuwa mlango wa elimu umefungwa mbele yake, akaachwa akakaa vibarazani. Upande wa pili wako wenzetu waonao kwamba masomo yote ya vyuo vikuu ni upotevu, na kwamba aliyekhitimu kitabu kimoja cha fikihi msikitini amekwisha kuufikia upeo wa elimu. Makundi mawili haya hayapatani kwa lolote. Lakini yote mawili yanadhani kuwa elimu ni jengo, na ugomvi wao ni jengo lipi.

Kwa ajili hiyo tumeona inafaa kuwaeleza ndugu zetu maisha ya Sheikh Muhammad Abduh, Mufti wa Misri, Mwenyezi Mungu amrehemu. Jina lake linajulikana pwani yote hii, na wako wanaolitaja kwa mapenzi na wanaolitaja kwa kuchukia. Lakini ni wachache wanaojua kwamba bwana huyu, aliyepigania Al-Azhar kuliko mtu yeyote wa zama zake, alikuwa mtoto mtoro wa darsa, na kwamba elimu iliyomfanya kuwa yeye aliipata nje ya Al-Azhar.

Alizaliwa mwaka 1849, uliosadifu 1266 wa Hijra, akakulia Mahallat Nasr, kijiji cha wakulima katika jimbo la Buhaira huko Misri ya chini. Baba yake alikuwa mtu mwenye heshima kijijini, wala hakuwa tajiri. Kusoma na kuandika alifundishwa nyumbani, kisha akahifadhi Kurani kwa hafidhi wa pale pale. Katika mwaka 1862 akapelekwa mji wa Tanta, kwenye msikiti wa Sayyid Ahmad al-Badawi, uliokuwa mashuhuri kwa darsa zake, ili aisome Kurani kwa tajwidi. Tajwidi haikumshinda. Kilichomshinda ni nahau.

Kitabu alichotiwa ni sherehe ya Al-Kafrawi juu ya Ajurumia. Ajurumia yenyewe wasomaji wetu wanaijua, kwani ndiyo mlango wa nahau hapa kwetu pia, na bila shaka wako wanaoyakumbuka majasho yake. Lakini mwalimu wa Tanta hakumpa mtoto lugha. Alimpa istilahi za lugha. Aliyataja maneno ya wanavyuoni wa nahau na wa fikihi kana kwamba waliokaa mbele yake wamekwisha kuyajua, wala hakusimama kumfahamisha asiyeyajua. Muhammad alikaa hivyo muda wa mwaka mmoja na nusu asielewe hata jambo moja. Akakata tamaa, akatoroka, akajificha kwa jamaa zake miezi mitatu, hata nduguye akamwona akamrudisha kwa nguvu. Hakukaa. Alikusanya nguo zake akarejea kijijini, na nia yake ni kushika jembe kama jamaa zake wengine. Mwaka 1865 akaoa, umri wake ukiwa miaka 16.

Alipokuwa mtu mzima aliyaandika mambo hayo kwa mkono wake. Hakujilaumu, wala hakumlaumu mwalimu peke yake. Aliilaumu namna ile ya kusomesha. Akaeleza kuwa wengi mno kati ya wanafunzi hupatwa na yale yale yaliyompata yeye, ila wao hawatoroki: hubaki miaka na miaka wakidhani wanafahamu, kisha hutoka wakawa ndio walimu wa watu. Neno hili ni zito, na mzazi anayemwita mwanawe mjinga kwa sababu darsa imemshinda angelifikiri kidogo.

Siku 40 baada ya arusi, baba yake alimlazimisha kurudi Tanta. Njiani, kwa ukali wa joto na kwa kutotaka safari yenyewe, alikengeuka akaenda kijiji walikokaa wajomba wa baba yake. Huko ndiko alikokutana na Sheikh Darwish Khidhr, ambaye kwa mila zetu ni babu yake. Sheikh Darwish alikuwa mkulima. Alikuwa amesafiri zamani mpaka Tarabulusi ya Magharibi, akachukua huko tarika ya Shadhiliya, akarudi kwenye shamba lake. Hakuwa na shahada ya mahali popote, wala hakuwa na kiti katika msikiti wowote mkubwa.

Asubuhi mzee alimjia na kitabu kilichoandikwa kwa mkono, ndani yake barua za shekhe wake za kuwaasa wafuasi, akamwomba amsomee kwa kuwa macho yake yamepungua nguvu. Kijana alikataa kwa ukali, akakitupa kitabu. Mzee hakukasirika, alitabasamu, akakiokota, akamwomba tena. Kijana akaona haya, akasoma mistari michache. Mzee akamweleza maana yake kwa maneno ya watu wote, maneno yasiyohitaji kamusi. Mara wakaja vijana wa kijiji kumwita kwenda kupanda farasi, naye akakiacha kitabu akaenda zake. Jioni mzee alirudi. Kesho akarudi. Kila mara mistari michache, na kila mara maana. Siku hazikupita nyingi, kijana akawa ndiye anayekitafuta kitabu, na wale wenzake wanaomwita mchezoni akawaona wanamwudhi. Alipomwuliza babu yake tarika yao ni ipi, alijibiwa kuwa ni Uislamu. Alipomwuliza uradi wao ni upi, alijibiwa kuwa ni Kurani kwa kuifahamu na kuizingatia.

Alikaa huko kama majuma mawili. Aliporejea Tanta alimkuta mwalimu wake katikati ya vitabu vile vile, akashangaa kuona kwamba sasa anafahamu. Vitabu havikubadilika. Lililobadilika ni kwamba alikwisha kuonja mara moja kile kinachoitwa kufahamu, na mwenye kuonja hujua anatafuta nini.

Mwaka 1866 aliingia Al-Azhar. Wakati ule Al-Azhar ilikuwa bahari ya watu: wanafunzi kwa maelfu wamekaa chini kuzunguka nguzo, kila nguzo na shekhe wake. Hapakuwa na mpango wa masomo, wala hapakuwa na muda maalumu wa kumaliza. Husomwa matini, na juu ya matini sherehe, na juu ya sherehe hashia, mpaka mwanafunzi akasahau swali lilikuwa nini. Hesabu, jiografia na taarikh hazikusomeshwa. Kila mwaka alipokwenda kwao likizoni, Sheikh Darwish alimfuata akamwuliza: amesoma mantiki? amesoma hesabu? amesoma handasa? Akijibu kuwa mengine hayasomeshwi Al-Azhar, mzee humwambia kuwa mwenye kuitaka elimu hakosi pa kuipata, na kwamba asingoje kuletewa. Basi fikirini, ndugu zetu: mkulima wa kijijini anamtuma mwanafunzi wa chuo kikubwa kuliko vyote vya Waislamu akatafute nje yale ambayo chuo hakina. Naye akatafuta. Akampata Sheikh Hasan at-Tawil, aliyejua mantiki na falsafa, akasoma kwake alichokuwa nacho, lakini kiu yake haikukatika.

Katika mwaka 1871 Sayyid Jamaluddin al-Afghani alikuja kukaa Cairo. Hakupewa nguzo Al-Azhar. Aliwasomesha watu nyumbani kwake, na usiku alikaa nao kwenye duka la kahawa mpaka saa nyingi. Nyumbani humo zilisomwa falsafa na mantiki, na miongoni mwa vitabu ni Isharat ya Ibn Sina, vitabu ambavyo baadhi ya mashekhe waliviona ni khatari kwa dini. Namna ya Sayyid ilikuwa ni kuieleza maana kwanza kwa ulimi wake mpaka ikathibiti akilini mwa wasikilizaji, ndipo hufungua kitabu na kuonyesha kuwa kitabu nacho kinasema hivyo, au kuonyesha kwamba kimekosea. Aliwahimiza wanafunzi wake waandike magazetini. Gazeti la Al-Ahram lilipoanza katika mwaka 1876, Muhammad Abduh aliandika humo akiwa bado ni mwanafunzi, na mojawapo ya aliyoyataka ni kuwa wanavyuoni wasome elimu za zama zao.

Katika barza hiyo alikuwamo pia Saad Zaghlul, mtoto wa mkulima, ambaye katika mwaka 1924 alikuwa Waziri Mkuu wa Misri. Hapakuwa na orodha ya majina wala ada wala cheti. Lakini waliotoka humo waliibadilisha nchi.

Wala mtu asidhani kuwa Muhammad Abduh aliidharau shahada. Mwaka 1877 aliingia mtihani wa Al-Azhar wa kupata daraja ya mwanachuoni. Katika watahini walikuwamo waliokwisha kuazimia kumwangusha kwa ajili ya kufuatana kwake na Sayyid. Alijibu kila alichoulizwa. Sheikh wa Al-Azhar, Muhammad al-Abbasi al-Mahdi, alipendezewa naye mno, lakini wengine walishikilia. Mwisho wakasikilizana apewe daraja ya pili. Akaipokea, kwani bila ya karatasi ile asingeruhusiwa kukaa kwenye nguzo na kusomesha. Mwaka 1878 akawekwa kusomesha taarikh katika Darul-Ulum, skuli iliyoanzishwa 1872 ili kuwafunza ualimu vijana waliotoka Al-Azhar. Huko aliwasomesha Mukaddima ya Ibn Khaldun, jambo geni kabisa kwa siku hizo.

Mwaka uliofuata, 1879, Khedivi mpya, Tawfiq, alimfukuza Sayyid Jamaluddin katika Misri. Muhammad Abduh aliondolewa katika kazi akaamrishwa akae kijijini kwake. Barza ile ya miaka minane ilivunjika kwa siku moja. Sisi twaona kuwa hapa ndipo pahala pa kuangaliwa sana na wale wasemao kwamba darsa za nyumbani zatosha. Darsa ya nyumbani hutegemea mtu mmoja. Akifukuzwa, au akifa, au akichoka, hakuna tena. Haina wakfu wala maktaba, na haina mwalimu wa pili. Maisha ya Muhammad Abduh baada ya hapo ni ya mtu aliyekwisha kuyajua mambo hayo mawili, akataka chuo kiwe na uhai wa barza, na barza iwe na uthabiti wa chuo.

Ya katikati tutayapita upesi. Mwaka 1880 alirudishwa Cairo akawa mhariri wa gazeti la serikali. Mwaka 1882 yakatokea mambo ya Urabi Pasha na Waingereza wakaitwaa Misri. Yeye akafungwa, kisha akahamishwa nchi. Akenda Beirut, na katika mwaka 1884 akamfuata Sayyid Paris, wakatoa pamoja gazeti la Al-Urwa al-Wuthqa, matoleo 18 tu, likapigwa marufuku Misri na Uhindi. Akarudi Beirut akasomesha katika Madrasa Sultaniya, na darsa zake za tauhidi za huko ndizo zilizokuwa kitabu chake Risalat at-Tawhid, kilichochapishwa 1897. Aliporuhusiwa kurudi Misri katika mwaka 1888 aliomba kusomesha Darul-Ulum. Khedivi alikataa, kwa kuogopa athari yake kwa vijana, akamfanya kadhi katika mahakama za serikali. Basi katika umri ulioingia miaka 40 alianza kujifunza Kifaransa, kwa kuwa sheria zilizotumika mahakamani asili yake ni ya Kifaransa, naye hakutaka kuhukumu kwa jambo asiloweza kulisoma. Alijifunza mpaka akaweza kufasiri kitabu. Ni somo la chuo kikuu hilo, na hakulipata chuo kikuu.

Mwaka 1892 alikuwa miongoni mwa walioanzisha Jumuiya ya Kiislamu ya Hisani, ambayo ilifungua skuli kwa watoto wa maskini, naye akawa rais wake katika mwaka 1900. Aliziona skuli za serikali za wakati ule kuwa zinatoa makarani tu, watu ambao wakikosa meza ya ofisi hawajui la kufanya. Neno hili lingeandikwa juu ya mji wetu lisingehitaji kubadilishwa herufi.

Sasa tuje kwenye Al-Azhar. Mwaka 1892 alitawala Khedivi Abbas Hilmi, kijana, na Muhammad Abduh akamkinaisha kwamba Al-Azhar itengenezwe. Mwaka 1895 likaundwa Baraza la Uendeshaji wa Al-Azhar, naye akawa ndiye moyo wake kwa miaka kumi. Yafaa kuangalia alianzia wapi. Hakuanza na vitabu. Alianza na mishahara ya walimu, iliyokuwa midogo mno na isiyo na kanuni, ikawekewa daraja na fedha zikatolewa na hazina ya serikali. Akaenda kwenye mgao wa mikate ya wanafunzi, uliokuwa ukichezewa. Akaenda kwenye malazi, maji, taa, na daktari wa kuwatazama wagonjwa. Vitabu vya Al-Azhar vilikuwa vimetawanyika katika riwaki mbalimbali, vingine vimeliwa na wadudu na vingine vimeuzwa kwa bei ya karatasi. Vikakusanywa vikawa maktaba moja. Hapo ndipo ikaja kanuni ya 1896: mwanafunzi asome miaka 8 kwa daraja ya kwanza na miaka 12 kwa daraja ya uanachuoni, pawe na mitihani, hashia ziondolewe kwa wanaoanza, na hesabu na elimu nyingine ziwekwe pamoja na nahau na fikihi.

Makelele yaliyopigwa yalikuwa makubwa. Ilisemwa kwamba hesabu na jiografia zitawatoa watu katika dini, wakati fungu la mirathi halikatiki bila ya hesabu, wala kibla hakijulikani bila ya kujua nchi iko wapi. Lakini tuseme kweli: si wapinzani wote waliokuwa wajinga. Wako waliokhofu kuwa serikali ikilipa mishahara itaitawala Al-Azhar, na khofu yao haikuwa ya bure. Kadhalika ulimi wa Sheikh ulikuwa mkali; aliwasema mashekhe wenzake maneno ambayo hata aliyekuwa tayari kumsaidia yalimrudisha nyuma. Na kusikilizana kwake na Lord Cromer, mjumbe wa Uingereza aliyekuwa ndiye mwenye amri, kuliwapa maadui zake silaha iliyokatika kila upande.

Tarehe 3 Juni 1899 akawa Mufti wa Misri. Baada ya hapo Khedivi alimgeuka. Sababu mojawapo ni kuwa Khedivi alitaka kubadilishana ardhi yake na ardhi ya wakfu, na Mufti, aliyekuwamo katika baraza la wakfu, akazuia kwa kuwa wakfu ungepunjwa. Watu wa pwani wanaojua yaliyozipata wakfu zetu watamfahamu bila ya maelezo. Tokea hapo kila alilolijenga Al-Azhar likawa linabomolewa polepole, mpaka Machi 1905 akajiuzulu katika baraza.

Lakini katika miaka hiyo hiyo alikuwa na jambo jingine, lisilohitaji ruhusa ya baraza. Tangu 1899 alisomesha tafsiri ya Kurani jioni ndani ya Al-Azhar. Haikuwa darsa ya mtihani. Walikuja wanafunzi, na pamoja nao makadhi, mawakili, walimu wa skuli na watumishi wa serikali, wakiwa na nguo za kazini. Aliisoma aya akaifasiri bila ya kitabu mkononi, akaihusisha na maisha ya wale waliokaa mbele yake. Sayyid Rashid Ridha, aliyeanzisha gazeti la Al-Manar mwaka 1898, aliandika yaliyosemwa, akamwonyesha, kisha akayachapisha. Namna ile ya Sheikh Darwish, mistari michache na maana yake, ilirudi katika Al-Azhar kwa njia ya mtoto aliyeitoroka Tanta.

Darsa hiyo ilifika katika Surat an-Nisaa. Sheikh alikufa Iskandaria tarehe 11 Julai 1905, akazikwa Cairo, umri wake miaka 56.

Katika siku zake za mwisho alizungumza na tajiri Ahmad al-Minshawi Pasha khabari ya kujenga chuo kikuu cha taifa, kisichokuwa cha serikali. Lakini Pasha alikufa kabla yake na jambo likalala. Mwezi wa Oktoba 1906 watu walikutana tena kwa ajili hiyo, na nyumba waliyokutana ni ya Saad Zaghlul, yule kijana wa barza ya Sayyid. Tarehe 21 Desemba 1908 chuo kikuu cha Misri kikafunguliwa, katika nyumba ya kukodi. Miongoni mwa waliokwenda kusikiliza darsa zake ni kipofu mmoja wa Al-Azhar, Taha Husein, aliyewahi kuhudhuria darsa za mwisho za Sheikh. Al-Azhar walimwangusha mtihani, na mwaka 1914 chuo kipya kikampa udaktari wake wa kwanza kuwahi kutolewa. Al-Azhar yenyewe, katika mwaka 1961, ilitiwa kwa sheria masomo ya udaktari wa maradhi na uhandisi.

Ama huku kwetu, Al-Manar ililetwa kwa jahazi na meli, ikasomwa Mombasa na Unguja. Mmoja wa walioisoma sana ni Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa 1891, ambaye elimu yake aliipata kwa mashekhe wa Mombasa na Unguja, katika misikiti na majumba yao. Mwaka 1930 alitoa Sahifa, na 1932 Al-Islah, akiwaambia Waislamu wa pwani kuhusu skuli, ufundi na dini kwa lugha yao. Mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Aliacha tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili ambayo hakuwahi kuimaliza, akafa 1947. Na Sheikh Abdalla Saleh Farsy, aliyechukua mengi kwake, akatoa tafsiri kamili katika mwaka 1969.